Kanda za Video za Marehemu Baba: Kabla Hujazitia Kwenye Deki

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Baada ya arobaini ya marehemu baba tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta kanda za video 14. Nyingi ni zile kubwa za deki, na tatu ni ndogo za kamera. Kuna harusi ya shangazi ya mwaka 1993, kuna shughuli za wanawake za harusi hiyo hiyo, na kuna moja ambayo inasemekana bibi anasimulia habari za ukoo. Mbili zina kitu cheupe kama vumbi kwa ndani. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu pale Mwanga ameahidi kuzicheza kwenye televisheni, azirekodi kwa simu yake, kisha anitilie zote kwenye flashi. Je, nikubali, au nizisafirishe Dar es Salaam? Na je, flashi inatosha?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na majibu ya mkato: usikubali njia ya simu, Dar es Salaam si lazima kwa kanda zote, ingawa kwa zile mbili zenye weupe huenda ikawa njia bora, na flashi peke yake haitoshi hata kidogo. Sababu za majibu hayo zote zinatokana na jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote, nalo ni kwamba kanda ya umri huo ihesabiwe kuwa imebakiza kuchezwa mara moja tu. Pengine itacheza mara kumi zaidi bila tatizo, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo, kwa hiyo mara ya kwanza utakayoitia kwenye deki iwe ndiyo mara unayorekodi. Kuicheza kwanza “ili tuone kuna nini”, huku ndugu wamejaa sebuleni, ndiko kunakomaliza kanda nyingi za familia.

Ndani ya kanda ya VHS, yaani hizo kubwa za deki, mna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa sumaku ulioshikiliwa na gundi. Picha na sauti zimo katika unga huo. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hulainika, na hatimaye hushindwa kuushika unga, nao huanza kubanduka. Wewe upo kando ya Ziwa Tanganyika, ambako hewa ina unyevu mwingi kuliko huku Tabora, kwa hiyo nisingeshangaa kanda zako zikawa zimechoka kuliko zilizokaa mbali na ziwa. Sisi adui yetu mkubwa ni vumbi la kiangazi. Deki inapocheza, utepe hupita polepole, milimita 23 na ushei kwa sekunde, lakini silinda yenye vichwa vya kusomea huzunguka mara 25 kwa sekunde ikiwa imegusana nao. Utepe unaobanduka ukikutana na silinda hiyo, unga huziba vichwa, picha hujaa chenga, na fundi asiye na subira akiendelea kubonyeza kitufe cha kuchezea, kinachobanduka hakirudi tena.

Tatizo la pili ni mashine zenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Tangu hapo deki zilizopo duniani ndizo hizo hizo, na kila inayokufa haina mbadala wake mpya. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walianzisha mradi wa kutahadharisha dunia kuhusu kanda za sumaku, kwa hofu kwamba mashine na vipuri vitaisha kabla kanda zote hazijahamishwa. Kwa upande wetu nitaongeza jambo moja ambalo husahaulika: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Harusi ya shangazi yako ya 1993 haikupigwa picha na kituo chochote. Ukitaka kuona Ujiji ya mwaka huo ikitembea na kusema, barabara zake, mavazi yake na namna watu walivyosalimiana, itakubidi uitafute katika masanduku ya bati kama hilo la marehemu.

Kabla ya deki kuna ukaguzi, nao unaweza kuufanya mwenyewe mchana, mezani, karibu na dirisha. Chukua kanda moja, na uangalie kwanza kama kile kibati kidogo cha plastiki kilichopo kwenye ukingo wa nyuma kimevunjwa. Kama hakijavunjwa, kivunje kwa bisibisi ndogo, kwa maana ndicho kinachoruhusu deki kurekodi juu ya kanda, na kidole kikikosea kitufe harusi inaweza kugeuka kuwa taarifa ya habari. Kisha bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kifuniko cha mbele, na utazame utepe bila kuugusa kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi nayo huharibu. Utepe mzima hung’aa sawasawa, una rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na kingo zake zimenyooka. Ukiona kingo zimejikunja mawimbi, au utepe umeng’ang’aniana na mzunguko wa chini yake, iweke kanda hiyo kando. Mwisho igeuze, uitazame kupitia kidirisha cha juu: ubavu wa utepe uliokunjwa unapaswa kuwa laini na wa rangi moja. Madoa meupe au ya kijivu, yenye manyoya kama ya mkate uliolala, si vumbi. Huo ni ukungu.

Zile kanda zako mbili, basi, zisiingie kwenye deki yoyote, hata “kwa kujaribu dakika moja”. Ukungu ukipita kwenye deki hubaki humo na kuhamia katika kanda nyingine zote zitakazofuata, na vumbi lake si zuri kwa mapafu, hasa kwa mwenye pumu. Zitenge leo hii na zile 12. Zitie katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vingi vya kukausha unyevu, vile vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu na ya simu, ukihakikisha ni vipya au vimekaushwa, kisha uziache humo kwa majuma kadhaa. Ukungu ukikosa unyevu hulala na kuwa unga mkavu unaofutika. Ukiwa mbichi hupakaa tu. Usizianike juani, usizikaribishe jikoni, wala usitumie kikaushia nywele, kwa kuwa joto hupinda plastiki na kunyoosha utepe. Utasikia pia habari za watu wanaooka kanda kwenye joko. Hiyo ni tiba ya maabara, kwa aina maalumu za kanda na kwa joto linalopimwa kwa uangalifu, na haifai kuigwa kwa oveni ya nyumbani. Zikishakauka, kazi ya kuzifungua skrubu zake tano na kuufuta utepe kwa mashine ya mkono ndiyo ambayo ningemwachia mtu anayeifanya kila siku.

Sasa deki. Mafundi redio wa Mwanga na wa soko la Kigoma bado wanazo, na nyumba nyingi zinayo moja chini ya kabati. Tafuta yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu kwa nyuma, si yenye tundu la antena pekee, maana picha inayopitishwa kwenye waya wa antena hupoteza ukali wake kabla haijafika popote. Deki iliyokaa miaka bila kuwashwa huwa mikanda yake ya mpira imelegea na gurudumu linaloukandamiza utepe limekuwa gumu na la kung’aa, hivyo huweza kuutafuna utepe katika dakika ya kwanza. Kwa hiyo mgeni wake wa kwanza awe kanda isiyo na thamani, kwa mfano filamu ya zamani ambayo hakuna atakayeilia, na uiache icheze mpaka mwisho, kisha irudi nyuma yote.

Kabla ya hapo vichwa visafishwe, na hapa naomba uwe mkali hata kwa fundi anayejiamini. Hutumika alkoholi safi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, si kitakasa mikono, si manukato, si konyagi. Kitambaa kiwe cha ngozi laini au kisichoacha nyuzi, kwa kuwa nyuzi za pamba hunasa kwenye vichwa. Kilowanishwe kidogo, kiegemezwe kwenye silinda kikiwa kimetulia tuli, halafu silinda yenyewe ndiyo izungushwe polepole kwa kidole kutoka juu. Anayesugua kwenda juu na chini, kama anayeng’arisha sufuria, huving’oa vichwa, na deki hiyo haitafaa tena kwa lolote. Baada ya kusafisha, iachwe wazi ikauke kabla ya kuwashwa.

Nikirudi kwa kijana wa kibandani, sina shaka na nia yake, ila njia yake ina kasoro ambazo haziwezi kurekebishwa baadaye. Picha ya kanda za kwetu, zenye mfumo wa picha uitwao PAL, hutolewa kwa nusu-picha 50 kwa sekunde, ilhali simu kwa kawaida hurekodi fremu 30. Namba hizo hazipatani, ndiyo maana hutokea mistari inayopanda na kushuka na mwanga unaopepesa. Televisheni nayo hukata kingo za picha. Sauti ya bibi yako itapita hewani kutoka kwenye spika hadi kwenye simu, ikichanganyika na bodaboda zinazopita na wateja wanaoulizia bei. Na kanda itakuwa imeshatumia ile mara yake moja. Liko na jambo la stara: zile shughuli za wanawake zilipigwa picha mahali ambapo wanaume hawakuwapo, na waliokuwa wakicheza siku hiyo walijiachia kwa kuamini hivyo. Kuzifungua kibandani kando ya barabara, kisha zibaki kwenye kompyuta ya watu, ni kuwavunjia heshima mama zetu, wakiwamo waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Yeyote utakayempa kazi, kanda hizo ziende kwa mwanamke au zifanyiwe nyumbani, na nakala zilizobaki kwa fundi zifutwe ukiwa unaona.

Njia ninayoipendekeza haihitaji vitu vingi. Waya tatu hutoka kwenye deki kwenda kwenye kifaa kidogo cha kunasia video, nacho huchomekwa kwenye USB ya kompyuta, na programu ya kurekodia hupokea kila kinachopita. Mipangilio iwe ya mfumo wa PAL, ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na picha isivutwe kujaza televisheni za kisasa, la sivyo maharusi wote watakuwa wanene. Vile vifaa vya bei ya chini kabisa vina ugonjwa mmoja: mawimbi ya kanda kuukuu yakiyumba, kifaa huruka fremu, na baada ya nusu saa midomo na sauti haviendi pamoja. Dawa yake ya gharama nafuu ni kuzipitisha waya kwanza kwenye mashine ya kurekodia DVD, au kwenye kamera ya MiniDV yenye uwezo wa kupitisha picha, ili mawimbi yatulizwe kabla ya kufika kwenye kompyuta. Jaribu kwa kanda ile isiyo na thamani: rekodi saa nzima, kisha utazame mwanzo na mwisho wake mtu akizungumza.

Umeme nao ufikiriwe. Ukikatika wakati kanda inacheza, utepe huwa umevutwa nje na kuizunguka silinda. Usiivute kanda kwa nguvu, subiri umeme urudi na uiache deki iurudishe yenyewe. Deki hutumia umeme mdogo, kwa hiyo hata UPS ya kawaida ya kompyuta, yaani kile kiboksi cha betri, huihimili kwa muda wa kutosha kuisimamisha kwa utaratibu.

Utepe ukikatika, Mungu apishie mbali, usitumie selotepu ya dukani, kwani gundi yake huyeyuka na kuhamia kwenye vichwa. Ipo tepu maalumu ya kuungia, nayo hubandikwa upande wa nyuma wa utepe, usiogusa vichwa. Ukikata sentimita tano zilizochakaa umepoteza sekunde mbili tu, jambo ambalo si la kulilia.

Kuhusu zile tatu ndogo, jina lililoandikwa juu yake ndilo litakaloamua. Kama ni VHS-C, lipo ganda la kuivalisha ili icheze kwenye deki ya kawaida. Kama ni Video8 au Hi8, ganda la namna hiyo halipo duniani, na anayekuuzia anakuibia. Hizo huhitaji kamera au deki ya aina yake, kwa hiyo ulizia kama kamera ya marehemu bado ipo kwa ndugu. Kama ni MiniDV, ndani yake tayari mna dijitali, na haifai kuipitisha kwenye waya za rangi tatu. Hunakiliwa kama ilivyo kwa waya wa FireWire, unaotoka kwenye kamera moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, na saa moja huchukua takriban GB 13.

Kwa watu wa Kigoma kuna angalizo la ziada. Kanda zilizorekodiwa na ndugu wa Bujumbura au wa ng’ambo ya ziwa, upande wa Kongo, huenda zikawa za SECAM, mfumo wa Wafaransa, nazo kwenye deki ya PAL huonekana hazina rangi. Ukiona picha imetulia lakini ni nyeusi na nyeupe tu, usimlaumu fundi wala kanda. Isimamishe, utafute deki inayosoma mifumo yote.

Faili utakalolipata kwanza liitwe faili mama, na lisiguswe. Usilikate, usiling’arishe, wala usilipitishe kwenye programu za kuongeza ubora zinazobuni sura ambazo kanda haikuwa nazo. Kama kompyuta ina nguvu, tumia mbano usiopoteza kitu, mfano FFV1, ambao huchukua makumi ya GB kwa saa. Kama haina, mbano wa kawaida wa H.264 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde si mbaya, na saa moja itakuwa GB 3.6. Kutoka katika faili mama ndipo utengeneze nakala nyepesi za simu. Usitegemee WhatsApp iwe hifadhi, kwa kuwa huibana video mpaka nyuso zinakuwa vibonge. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha tukio, kisha namba uliyoiandika juu ya kanda yenyewe, ili siku moja mtu aweze kulinganisha.

Flashi ni chombo cha kubebea, si cha kuhifadhia. Hupotea, hushika virusi kwenye vibanda, na ikikaa muda mrefu bila umeme huweza kusahau kilichomo. Nunua diski mbili za nje, zote ziwe na vitu vilevile, na nakala ya tatu iwe kwenye hifadhi ya intaneti hata kwa awamu, usiku bando zinapokuwa nafuu. Diski moja isikae Ujiji kabisa. Mpe ndugu aliyeko Tabora au Dar es Salaam, maana mmeona wenyewe miaka ya karibuni ziwa lilivyopanda na kuingia katika nyumba za mwambao, na maji hayachagui chumba. Washa diski zote walau mara moja kwa mwaka, uzibadilishe kila baada ya miaka mitano hivi. Kama mna pia DVD au VCD za harusi za baadaye, zinakilini humo humo, kwani nazo zinakufa kimya kimya.

Nakala nyepesi ikiwa tayari, keti na shangazi na wazee wengine waliobaki, muitazame, huku simu ikirekodi maneno yao. Andika dakika na jina: dakika ya 12, aliyevaa kanga nyekundu ni nani, nyumba ile ni ya nani. Kazi hii haina fundi wa kuajiriwa, na ndiyo inayotakiwa kufanywa mapema kuliko ya diski.

Dar es Salaam, kwa maoni yangu, ziende zile mbili za ukungu tu, zikishakauka. Abebe ndugu mkononi ndani ya treni au basi, kila moja katika mfuko wake wa plastiki, zikiwa zimesimama wima, mbali na spika kubwa. Zisitumwe kama kifurushi kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kabla hujalipa, muulize mwenye studio kama anasafisha ukungu mwenyewe na kama atakupa faili mama badala ya DVD. Asipolielewa swali la pili, tafuta mwingine. Kanda zikirudi zisitupwe hata kidogo: zirudishwe mwanzo, zisimame wima kwenye kabati la ndani, si juu ya kabati chini ya bati wala sakafuni.

Kwa zile 12 zilizo nzima, anza na ile ya majaribio, kisha za harusi. Kanda ya bibi isiwe ya kwanza wala ya mwisho. Iwe ya nne au ya tano, deki ikiwa imeshaonyesha tabia yake, vichwa vimesafishwa upya asubuhi ya siku hiyo, na UPS imechajiwa.